Nyota Nne, Maiti Watatu

Kuna watu duniani wanalipwa mshahara kuyapa mauaji nyota. Fungua magazeti ya Uingereza asubuhi baada ya dokyumentari mpya kurushwa. Utamkuta mhakiki kaamka, kanywa chai yake, kaandika kwamba kisa cha mama aliyezamishwa mtoni na mumewe kimesimuliwa kwa ustadi na utulivu, kisha juu ya maandishi yake kapanga nyota nne. Ya tano kaibania. Mimi huwa nakwama hapo kwenye ya tano. Marehemu alipungukiwa nini? Angezama vipi ili zitimie?

Tena wana msemo wao mmoja unaonipandisha presha: "lazima uitazame". Filamu inaogofya, inaumiza, inaondoa usingizi, lazima uitazame. Nani kanilazimisha? Kodi ya jengo nakatwa kwenye Luku, michango ya harusi natoa, na ya msiba natoa kabla sijaambiwa aliyekufa ni nani. Hayo ndiyo ya lazima ninayoyajua.

Mimi ni mtu wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mpira, basi. Haya mambo yameingia nyumbani kwangu hapa Mwanza kupitia binti yangu wa pili, aliyerudi likizo kutoka chuoni akiwa na nywila ya akaunti ambayo si yake, wala si ya rafiki yake aliyempa, ni ya binamu wa mtu fulani aliyeko Dar ambaye naamini mpaka leo hajui kuwa anatulisha. Akaunganisha simu ya mama yake kwenye runinga, akamwelekeza pa kubonyeza, likizo ikaisha, akaondoka. Ameniachia nyumba iliyojaa wapelelezi.

Mama watoto namfahamu. Sikukuu ikifika, kuku akichinjwa nyuma ya nyumba, yeye huingia chumbani na kuwasha redio asisikie. Sasa huyohuyo anakula ugali kwa sato huku daktari wa Marekani akieleza, tena kwa mchoro, kisu kiliingilia ubavu gani na kilitokea wapi. "Sogeza mboga," ananiambia, macho yako kwenye kioo. Nasogeza. Hamu ya kula nimeshaipoteza, naye anamalizia na sehemu yangu.

Halafu yupo shemeji. Shemeji alikuja kufuatilia hati ya kiwanja. Hati haijatoka, na yeye hajatoka. Huyu ndiye bingwa wa nyumba. Dakika ya kumi haijaisha ameshamtaja muuaji: mume. Ikitokea marehemu hakuwa na mume, basi mchumba. Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi anapatia, na kila akipatia ananigeukia mimi.

Wapenzi wa sanaa mnisamehe, ila nimeshaijua njia yao yote. Inaanza na msitu unaotazamwa kutoka juu kwa ndege nyuki. Kwa nini msitu, hata kama mtu kauawa ghorofa ya saba katikati ya mji, sijawahi kuelezwa. Linafuata kochi tupu. Anaingia mpelelezi mstaafu, anakaa, anaweka kola sawa, sauti ya mtu asiyeonekana inamwuliza kama yuko tayari, naye anashusha pumzi, na pumzi hiyo wameiacha makusudi. Anakuja jirani kusema kwamba mji wao ulikuwa mdogo na watu hawakufunga milango. Kila anayeuawa Marekani aliishi mji ambao hawakufunga milango. Si mfunge! Kisha kuna mwigizaji anayeonyeshwa kisogo akipanda ngazi, akipanda, akipanda, na kipindi kinaishia pale anaposhika kitasa. Habari ambayo ungeimaliza kusimuliwa chapati moja ikigeuzwa, inavutwa sehemu nne za karibu saa moja kila moja. Hapo nawapa wahakiki haki yao, maana wenyewe hawaachi kulalamika kwamba visa vinanyooshwa kupita urefu wake. Enzi za vibanda umiza, mkalimani wa filamu wa aina ya Lufufu angesema kwa sentensi moja nani kaua, kaua kwa nini, na yule mwenye koti asiaminiwe, na bado ungekaa kwenye benchi mpaka mwisho kwa utamu wa maneno yake.

Watazamaji nao siku hizi ni wahakiki, na hawa ndio balaa. Tarehe 24 Januari 2019, miaka 30 kamili tangu Ted Bundy auawe kwenye kiti cha umeme kule Florida, Netflix ilitoa mfululizo wa sehemu nne uliojengwa juu ya kanda za sauti yake. Mtu huyo alikiri kuua wanawake na wasichana 30. Mapokezi? Watu wakaingia mitandaoni kujadili kwamba alikuwa mtanashati. Ikabidi kampuni yenyewe iandike hadharani, kwa upole wote, kuwakumbusha wateja kwamba humo kwenye filamu zao wanaume wazuri wamejaa maelfu, na karibu wote hawajawahi kutiwa hatiani kwa kuua watu kwa mfululizo. Nilimsomea mama watoto nikitegemea tucheke pamoja. Akasema, "Lakini sura alikuwa nayo."

Basi kuna yule tajiri wa New York, Robert Durst. HBO ilimtengenezea The Jinx mwaka 2015, sehemu sita, na wahakiki walimwaga sifa mpaka zikawaishia. Durst alikubali kuhojiwa kwa hiari yake, hakuburutwa na mtu. Mahojiano ya mwisho yakaisha, akaenda msalani, na kinasa sauti bado kimebanwa kwenye nguo yake. Humo ndani akaanza kujisemea mwenyewe maneno yaliyosikika waziwazi kwamba amewaua wote. Alikamatwa New Orleans siku moja kabla ya sehemu ya mwisho kurushwa. Mwaka 2021 akatiwa hatiani kwa kumuua rafiki yake Susan Berman, na Januari 2022 akafa. Ila kabla ya hukumu, mwaka 2019, nyaraka za kesi zilionyesha kwamba maneno ya msalani hayakusemwa kwa mpangilio ule tuliousikia, yalipangwa upya kwenye chumba cha uhariri. Sauti ni yake, maneno ni yake, mfuatano si wake. Wataalamu wakabishana kama hiyo ni haki. Mimi yangu ni madogo zaidi: siwezi tena kunung'unika bafuni kuhusu bili ya maji bila kusikia kandambili za mtu zikisimama nje ya mlango.

Mwaka 2024 ikaja What Jennifer Did, ya binti wa Kanada aliyepanga wazazi wake wauawe. Watu wakakiacha kisa wakaanza kuhesabu vidole vyake kwenye picha, wakasema picha zimechezewa kwa akili mnemba. Mtayarishaji akakana, akasema kilichoguswa ni mandhari ya nyuma tu ili kumlinda aliyezitoa picha hizo. Mama mzazi aliuawa katika tukio lile, na baba akaponea chupuchupu. Mjadala ukawa vidole.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, nisije nikaonekana mzee anayelalamika kwa sababu rimoti kanyang'anywa. (Kanyang'anywa, ndiyo, lakini hilo tutalimaliza ndani ya ndoa.) Mapokezi yote haya ni ya filamu. Imehaririwaje, muziki umezidi, muongozaji ana upande, picha ya kwanza ilipigwa vizuri, ya tatu imepoa. Lile lenyewe lililotokea, lililomfanya mtu abebe kamera, linaachwa pembeni likisubiri zamu ya kuzungumzwa, na zamu yake haifiki kwa sababu wiki ijayo kuna dokyumentari nyingine.

Desemba 2025 tulipata Sean Combs: The Reckoning, sehemu nne, ameiongoza Alexandria Stapleton. Mtayarishaji mkuu ni nani? Ni mwanamuziki mwenzake, 50 Cent. Mtu yeyote aliyewahi kusikiliza redio anajua wanaume hao wawili wametupiana maneno kwa miaka. Ni sawa na kumpa mke mwenza kazi ya kuandika wasifu wa mwenzake, tena na bajeti ukampa. Upande wa Combs ukaja juu. Wakati huo mwenyewe alikuwa gerezani, kahukumiwa mwezi Oktoba kifungo cha miezi 50, na hiyo hamsini msiniulize mimi. Wahakiki wakaumiza vichwa: uadui wa mtayarishaji uhesabiwe au usihesabiwe? Shemeji, mdomo umejaa karanga, akasema, "Anayekujua vizuri kuliko adui yako ni nani?" Nimesoma makala ndefu za magazeti makubwa ambazo hazikufika hapo.

Nisiwe mchoyo, mara moja moja mapokezi yanafanya kazi. Januari 2019 Marekani walionyesha Surviving R. Kelly, sehemu sita za wanawake wakieleza walichofanyiwa. Mhakiki aliyenifurahisha katika suala lile hakuwa wa gazeti. Alikuwa Kim Foxx, mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Cook kule Chicago. Hakutoa nyota hata moja. Alisimama mbele ya waandishi akaomba waliodhurika wajitokeze waongee na ofisi yake. Februari mashtaka yakafunguliwa, na mwaka 2022 mahakama ya New York ikampa mwimbaji yule miaka 30. Huku kwetu ule wimbo wake wa kupaa bado unapigwa kwenye mahafali ya chekechea, watoto wamevaa majoho yanayoburuza chini na wazazi wanafuta machozi. Nilimnong'oneza mwalimu. Akanijibu kwamba ala yake ni tamu.

Na kuna mapokezi ambayo hata mimi mnung'unikaji sijui yangekuwaje. Machi 2024, Mstyslav Chernov wa Ukraine alipanda jukwaani kupokea Oscar ya 20 Days in Mariupol, ya kwanza kwa nchi yake, akasema angetamani asingeitengeneza filamu hiyo kamwe. Ukumbi ukapiga makofi. Sasa mtu kakwambia anatamani jambo lile lisingetokea, wewe unampigia makofi? Lakini ukimkalia kimya nako ni kukosa adabu. Nimelifikiria sana hili nikiwa kwenye daladala, sijapata jibu.

Nyumbani kwangu, iliyotugawa kuliko zote ni ile ya BBC ya Januari 2024, Disciples, sehemu tatu kuhusu marehemu mhubiri TB Joshua wa Lagos. Huyu si mgeni kwetu. Novemba 2015 alikuja Dar es Salaam wakati Rais Magufuli anaapishwa, na runinga ya kanisa lake, Emmanuel TV, ilikuwa ikiwashwa alfajiri kwenye nyumba nyingi tu, yangu ikiwemo, si kwa mkono wangu. BBC walichunguza kwa zaidi ya miaka miwili, wakaongea na waliokuwa wanafunzi wake, nao wakaeleza kubakwa, kupigwa na miujiza ya kutengenezwa. Kanisa likasema madai hayo hayana msingi. Basi dada mkubwa wa mama watoto, ambaye chupa yake ya maji ya upako iko juu ya kabati letu tangu enzi hizo, akasimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba filamu ile imetengenezwa na shetani. Binti akamjibu kwa simu kutoka chuoni, kwa adabu, "Mama mkubwa, shetani hana subira ya miaka miwili ya utafiti." Yakaanza. Mbona hawakusema akiwa hai? Mbona yule mzungu analia upande mmoja wa jicho? Nani kawalipa nauli? Shemeji alitaka kujua kama walikuwa na waume. Walijadili nguo, lafudhi na taa za chumba cha mahojiano. Mwanamke mmoja alikuwa bado anaongea kwenye runinga, anaeleza alifanyiwa nini na umri wake ulikuwa miaka mingapi, na sauti ikawa imepunguzwa ili wasikilizane vizuri kwenye ubishi. Chupa ya maji ipo palepale juu ya kabati. Hakuna aliyethubutu kuimwaga, hata binti.

Lakini katika ukanda wetu huu, mhakiki mkuu wa dokyumentari si dada mkubwa wala gazeti. Ni wenye mamlaka. Mwishoni mwa Aprili 2025 BBC hao hao walitoa Blood Parliament, kuhusu waliopigwa risasi kwenye Bunge la Nairobi tarehe 25 Juni 2024, vijana walipokuwa wakipinga muswada wa fedha. Wakachambua picha na video zaidi ya 5,000, wakasema wamewatambua baadhi ya askari waliofyatua. Onyesho lililoandaliwa jijini Nairobi likafutwa, halafu kila mtu akaitazamia kwenye simu yake bila kulipa kiingilio. Wapo wabunge waliosimama kuishutumu BBC. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wakakamatwa. BBC ikasema hao wanne hawakuhusika hata kidogo na filamu hiyo. Nimezoea mhakiki kuiponda kazi ya mtu. Hii ya kumfuata mtu mpaka ofisini kwake kwa kazi ambayo si yake, hata London hawajaifikia.

Na kwa hao hao Wakenya, inayonikaa mimi moyoni ni The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, kuhusu bibi wa Kilifi mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini anayetuhumiwa uchawi na watu wa familia yake, na mjukuu anayerudi kutoka Mombasa kutazama kuna nini. Hakuna mpelelezi anayeweka kola sawa. Bibi analima, na wewe umeshaelewa kwamba kinachotafutwa ni shamba. Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Shemeji alisinzia, na nikaipenda zaidi.

Sisi wa Mwanza haya tuliyapitia zamani, kabla ya akaunti za kuazimana. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, ya sangara wa Ziwa Victoria, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita akawamaliza wenzake. Minofu inatoka viwandani, inapakiwa kwenye madege makubwa ya mizigo yenye marubani kutoka Urusi na Ukraine, inakwenda Ulaya. Sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Ndani ya filamu kuna watoto wa mitaani, wasichana wa baa, mlinzi wa usiku mwenye mishale, na swali linalorudi kila mara kwa marubani: mkija huku, ndege imebeba nini? Sauper anaashiria silaha. Wahakiki wa Ulaya waliipokea kwa mikono miwili. Ufaransa ikaipa tuzo ya César, na mwaka 2006 ikafika Oscar, ikashindwa na filamu ya pengwini. Sangara wetu, njaa yetu na madege yote yale, vikapigwa mweleka na ndege wasioruka wanaotembea kwenye barafu. Marekani sijaisamehe kwa hilo.

Hapa nyumbani mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwa kuichafua nchi, na watu wakaandamana hapahapa Mwanza kuipinga. Nilisimama kando ya barabara nikiwatazama, na kati ya wote niliowajua kwa sura, sikumpata hata mmoja aliyekuwa ameiona. Tulikuwa tunaikasirikia kwa kusimuliwa. Mhakiki wa London hana kipaji hicho. Yeye akitaka kuiponda filamu, inabidi kwanza akae karibu saa mbili aitazame.

Ubishi mkali hata haukuwa wa silaha, ulikuwa wa mapanki. Wakubwa wakasema mapanki si chakula cha binadamu, yanakwenda kutengenezea chakula cha mifugo. Maneno hayo niliyasikia redioni, panki langu likiwa kwenye sahani. Aliyewahi kushinda mwaloni Kirumba anajua kwamba kichwa cha sangara kina nyama ya shavu isiyo na mwiba, na kwamba nyuma ya jicho kuna mafuta ambayo ukiyakosa umekula nusu. Hatukuwa tunayaonea aibu, tulikuwa tunayagombea. Cha kuuliza ni kwa nini minofu ilipanda ndege na sisi tukabaki na kinachobaki, na katika kelele za kuchafuliwa nchi swali hilo halikupata wa kulijibu. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon akaandika kitabu kizima kuikosoa filamu, Sauper akamshitaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi. Sina ushahidi, lakini nahisi mawakili wa pande zote mbili mchana walikula minofu.

Filamu yenyewe nina kinyongo nayo pia, nisidhaniwe mpambe wake. Ukiitazama utadhani jiji hili jua halichomozi. Watu wetu wanaonyeshwa usiku, au wamelewa, au wanaumwa. Harusi za Jumamosi zenye matarumbeta zinazofunga barabara mpaka polisi wa usalama barabarani wanaanza kucheza, hizo kamera haikukutana nazo. Mtu akija kukutazama miezi na miezi na akakosa kukuona hata mara moja ukimdanganya mkeo kuhusu bei ya shati, amekutazama nusu. Lakini huo ni ugomvi wangu na muongozaji. Mapanki ni mapanki.

Juzi binti alikuwa amerudi, tukaitafuta filamu, tukamwita jirani yetu ambaye amekaanga mapanki tangu nikiwa kijana wa kutumwa. Alikuwa hajawahi kuiona. Mama watoto akamkaribisha, "Karibu, mayu, kaa hapa karibu," akapewa kiti cha mbele na soda. Kwenye vichanja vya mapanki akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitafuta watu anaowajua, akadhani kamwona mmoja, akasema hapana, yule alikuwa mrefu. Mapanki yalipoingia kwenye karai akaguna. "Mafuta hayajachemka hayo. Yatanyonya." Binti akamweleza kwamba wakati ule wakubwa walisema ni chakula cha kuku. Bibi akamgeukia.

"Kuku wa nani huyo anayekaangiwa?"

Hakukaa mpaka mwisho, alikuwa na mzigo wa kuwahi mwaloni. Mlangoni, akitafuta kandambili zake, akauliza kama yule Mzungu bado anafanya kazi ya kamera. Binti akamwambia ndiyo, baadaye ametengeneza nyingine, za Sudan na Cuba.

"Basi mwandikieni," akasema. "Mwambieni arudi. Siku hizi hata hayo mapanki yana matajiri wake, sisi hatuyafikii."